Nimepiga Tu Kukusalimia

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi jioni kwa wanaume wa mtaa wetu, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu, na akina mama mliotusindikiza, habari za jioni. Nashukuru mmefika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwanaume wa Dar ana pa kwenda pengi: kikao cha harusi, msiba wa Chanika, fundi anayemsubiri saiti. Mmeacha yote mkaja.

Nianze na swali. Simu yako ikiita sasa hivi, ukaona jina la mwanaume mwenzio ambaye hamjaongea siku nyingi, kitu gani kinakujia kichwani kwanza?

(Sauti ukumbini: "Nani kafa?" Nyingine: "Anataka hela!")

Ahsanteni. Nilitaka myaseme nyinyi wenyewe. Kwetu simu ya mwanaume kwa mwanaume lazima iwe na jambo: msiba, mchango, mkopo au dili. Isipokuwa na jambo inatutia wasiwasi.

Miaka mitatu iliyopita nilipiga simu ya namna hiyo. Nilikuwa nimehamia kwangu, huku upande wa Goba, nikiwa na miaka 38. Na jirani wa mbele tulikuwa tunapishana asubuhi, yeye anatoa gari, mimi nasubiri boda. "Kaka." "Kaka, za asubuhi." "Salama." Miezi saba. Namba yake niliipata kwenye kundi la ulinzi shirikishi, nikaihifadhi kama "Jirani Geti Jeusi". Jina lake silijui, na baada ya miezi saba ya kusalimiana unaanzaje kuuliza?

Jumapili moja mke wangu na watoto walikuwa Tanga, nyumba kimya. Nikaandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta. Mwisho nikapiga.

"Kaka, kwema? Kuna tatizo?"

"Hapana, nimepiga tu kukusalimia."

Nikasikia anapunguza sauti ya redio. "Aa... sawa kaka. Tuko pamoja."

"Tuko pamoja."

Haikufika hata dakika. Nikabaki nimeshika simu, moyo unanidunda, kama nimefanya kosa. Na nimelifikiria sana jambo lile tangu siku hiyo, kwa sababu mimi si mtu mpweke wa asili. Kabla ya hapo niliishi Mwananyamala miaka tisa, nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na bomba moja uani. Pale sikutafuta rafiki hata siku moja. Unapiga mswaki, mwenzio anasubiri ndoo ijae, mnaongea. Umeme ukikatika wote mnahamia barazani. Jiko lako lisipowaka, mtu anajua leo hujala.

Nilipohamia kwangu nilipongezwa, na nilistahili, maana nimejenga miaka sita. Ila nilijenga na fensi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wanaume wa rika langu kila siku wanatoka Mwananyamala, Magomeni, Temeke, wanakwenda Kivule, Chanika, Kibamba, kila mmoja na kiwanja chake na geti lake. Kijiwe kinabaki kule kule. Huku unaingia saa tatu usiku, foleni imekumaliza.

Kuna profesa wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambaye mwaka 2018 alitoa utafiti wa kukadiria watu hukaa pamoja saa ngapi mpaka wawe marafiki. Alipata kama saa 50 kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 hadi kuwa marafiki hasa, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa ndani. Hakupima watu wa Goba, lakini hebu tupige hesabu yetu. Vijana wa bweni, kidato cha tano, darasani, uwanjani, kwenye foleni ya ugali, wako pamoja saa 14 kwa siku. Saa 200 zinatimia kwa wiki mbili. Sasa mimi na mshkaji tukutane kwa saa mbili kila baada ya wiki mbili, na hapo tumejitahidi sana. Itatuchukua karibu miaka minne. Kwa hiyo mtu asituambie wanaume wa siku hizi wana roho ngumu. Saa ndizo hazipo.

Wazee wetu walilijua hili bila kulipima. Jando la Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii tuliyokalia, liliwatoa wavulana nyumbani wakakaa pamoja, wakaumia pamoja, wakaimba pamoja, na waliotoka pamoja walibaki na kitu kati yao hadi uzeeni. Na kwa mtu mzima aliye mgeni palikuwa na utani. Mnyamwezi akishuka pwani na msafara, Mzaramo ni mtani wake. Ana ruhusa ya kumkejeli mbele za watu na asikasirike, na akifiwa, mtani huyo huyo ndiye anayeshika kazi za msiba. Hebu fikirini ukubwa wa kitu hicho. Mwanaume hakuhangaika namna ya kuanza. Mwanzo aliukuta umeshaandaliwa.

Leo tumebakiwa na Simba na Yanga. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, na hatukukosea kuwaita watani wa jadi, kwa sababu kazi ni ile ile. Kwenye mwendokasi, kwa kinyozi, kwenye benchi la hospitali, mwanaume yeyote wa Dar unaweza kumwanza kwa mpira naye akakujibu. Naupenda sana mlango huo. Lakini unafika mahali unagota. Kwa kinyozi wangu kuna mtu nilibishana naye miaka minne. Wiki moja hakuonekana, nikaambiwa amefiwa na mkewe. Mkewe aliugua miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja, ndugu zangu, na mimi na yeye tulikuwa tunazungumza usajili.

Nilikwenda msibani. Wanaume tulijaa chini ya turubai, na rambirambi ilikuwa nzuri, kwa sababu kuchanga tunajua. Simu yangu hivi sasa ina makundi tisa ya michango. Ila nilimwangalia yule kaka amekaa kwenye mkeka, nikajiuliza: katikati ya harusi yake na msiba huu, nani kati yetu alikaa naye? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na likauhusisha na kiharusi na maradhi ya moyo. Basi anayeona haya ni mambo ya kudeka, si kweli.

Nirudi kwa Jirani Geti Jeusi.

Kama wiki tatu baada ya ile simu, saa mbili usiku, geti langu likagongwa. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Pampu ya kisima imegoma, fundi anasema mpaka kesho, na ndani nina mtoto mchanga, maji hakuna. Nataka kuivuta juu, peke yangu siwezi."

Kisima chake kina mita 40. Bomba likiwa na maji ndani ni zito, na likiwaponyoka, pampu imekwenda. Kwa hiyo mmoja anavuta, mwingine anashika kamba na kulaza bomba chini, kisha mnapokezana. Hapo hamtazamani. Wote mnatazama shimo, tochi ya simu imewekwa juu ya ndoo. Na kwa sababu hatukutazamana, akaanza kuongea. Akasema, "Siku ile ulipopiga nilitaka kukwambia njoo. Nikakosa la kusema uje kufanya nini."

Tulimaliza kuitoa saa nne na robo. Waya ulikuwa umeachia kwenye kiungo. Tukauunga, tukazungushia tepu, tukairudisha. Saa sita kasoro maji yakatoka. Nikamwambia, "Kaka, niwie radhi, jina lako silijui." Akasema na yeye langu halijui. Akanionyesha simu: mimi nimehifadhiwa "Boda Asubuhi".

Tangu usiku ule nimeshika jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa. Wanaume wa mjini tumejifundisha kutoombana. Ukiwa na hela unaita fundi. Ngazi nina yangu, toroli langu, spana zangu, na kila nilichonunua ili nisimsumbue mtu kimenipunguzia sababu ya kugonga geti la mtu. Waswahili wanasema udugu ni kufaana, na kufaana hakuanzi mpaka mmoja aombe.

Najua woga wetu, na si wa bure. Jiji hili lina matapeli. Mwanaume akikuchangamkia sana unajiuliza anauza nini, anagombea nini. Ndiyo sababu ombi dogo linafungua kuliko maneno matamu: aliyekuja kuazima ngazi, unajua anachotaka ni ngazi. Kesho ataileta, mtasimama getini dakika kumi. Dakika hizo zihesabuni.

Mimi na jirani tumeweka benchi. Nje ya fensi, kati ya mageti mawili, Jumapili saa kumi jioni, na chupa ya kahawa. Tulianza wawili, sasa tuko watano. Wiki nyingine tunakaa nusu saa nzima hakuna anayesema kitu, tunaangalia boda zinapita, na siku hizi kimya hicho hakinisumbui. Mwezi uliopita mmoja wetu alisema, huku anaangalia kikombe, kwamba hana kazi tangu Januari na nyumbani hajasema. Hatukumpa ushauri. Yule jirani alimmiminia kahawa nyingine, kisha akamwuliza, "Kesho asubuhi unatokaje?" Akasema, navaa, natoka kama kawaida, nazunguka mpaka jioni. Jirani akasema, "Kesho uzunguke na mimi." Na wakazunguka wote Jumatatu ile, na Jumanne akamsindikiza kumwambia mkewe.

Niishie hapo, mwenyekiti. Kuna kaka pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kinyozi. Mpeni kipaza sauti, tumsikilize.