Machi Ulipendekeza Nini?

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalisema tena. Kila mwaka matokeo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na fantasia, yakitoka, simu yangu haipumui. "Mbona wameshinda wale wale? Mbona sisi hatumo?" Nami huuliza swali moja tu: mwezi wa Machi ulipendekeza nini? Kimya.

Sitawarudisha New York mwaka 1939, ulikoanza Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa wapenzi wa hadithi hizo, wala Philadelphia mwaka 1953, ulikotoa Hugo za kwanza; historia hiyo mnayo. Ninachotaka mshike ni kwamba Hugo haina jopo la majaji. Anayeamua ni msomaji aliyelipia uanachama wa Worldcon, basi. Na anaamua mara mbili. Kwanza anapendekeza: kazi zisizozidi tano katika kila kundi la tuzo, kama riwaya au hadithi fupi. Sita zinazoongoza zinaingia fainali, ndipo anapiga kura kwa kuzipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Macho ya watu yote yako kwenye hatua ya pili, na hapo ndipo ninapogombana nanyi.

Mwaka 2015, mkutano ukiwa Spokane, Marekani. Kulikuwa na kundi la waandishi na wasomaji waliochukizwa na mwelekeo wa tuzo. Wakatunga orodha zao, wakawaambia wafuasi: pendekezeni hizi. Waliitwa Puppies, yaani watoto wa mbwa, na jina hilo walijipa wenyewe.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kwa tarakimu zangu za mfano. Chukueni wasomaji elfu moja wa hadithi fupi. Hadithi fupi zinazochapishwa kwa mwaka hazihesabiki. Huyu kapenda hii, yule kapenda ile, mapendekezo yanatawanyika kama mtama uliomwagika uwanjani. Iliyopendwa kuliko zote huenda ikapata watu 80. Kati ya elfu hiyo wawemo watu 150 wenye karatasi zinazofanana neno kwa neno. Wakati ule nafasi za fainali zilikuwa tano, na wao wanazo tano. Zimekwisha! Wale 850 hawana hata moja, na hakuna aliyeiba kitu. Kila karatasi ni halali.

Ndivyo ilivyotokea. Fainali zilipotangazwa, kuna makundi ambayo hayakuwa na kazi hata moja nje ya orodha zile. Ndipo watu wakaamka. Waliopiga kura ya mwisho walikuwa 5,950, idadi ambayo tuzo ile haikuwahi kuiona, na katika makundi matano wakachagua mstari ule wa chini kabisa kwenye karatasi, unaosema "Hakuna Tuzo". Ukumbi ulishangilia. Watu hunisimulia shangwe ile kana kwamba ndiyo ushindi, nami hukataa kila mara. Zile hadithi zilizotawanyika zilipata wapi haki yake? Hadithi hupata mwaka wake mmoja. "Hakuna Tuzo" ilimnyima mmoja bila kumpa mwingine, na mwandishi aliyestahili kuwemo mwaka ule hakurudishiwa chochote. Kura 5,950 za Julai hazikuweza kutengeneza kilichoharibika Machi.

Ngoja, kuna kipande cha kisa hiki ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwandishi Marko Kloos alijikuta fainali kwenye kundi la riwaya kwa nguvu ya orodha ile. Akajitoa, akakataa kupandishwa kwa mgongo huo. Nafasi yake ikachukuliwa na riwaya ya Liu Cixin kutoka China, iliyotafsiriwa na Ken Liu. Ikashinda! Ikawa riwaya ya kwanza ya tafsiri kupata Hugo. Usiku ule ule Mholanzi Thomas Olde Heuvelt naye akashinda kwa hadithi iliyotafsiriwa.

Kwa hiyo anayeniambia "hayo ni mambo ya Kiingereza" naomba anisikilize vizuri. Katiba ya tuzo haikitaji Kiingereza kama sharti. Kazi iliyochapishwa kwa lugha yoyote inastahili mwaka wake, na ikitoka kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza inastahili tena. Riwaya ya Kiswahili kama *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, siku itakapotafsiriwa mlango unafunguka. Lakini mlango huo hausukumwi na upepo. Lazima wawepo watu wa kuiandika jina kwenye karatasi.

Wa pili atasema hela. Kweli, nauli na viza ya Marekani si mchezo, na Worldcon haijawahi kufanyika Afrika. Lakini kupiga kura hakuhitaji kusafiri. Kwa mkutano wa Seattle wa 2025, uanachama wa kura ulikuwa dola 50. Kwa hizo unapewa nakala za kielektroniki za sehemu kubwa ya kazi zilizofika fainali, na mwaka unaofuata unapendekeza tena bila kulipa. Nani kati yenu ananunua vitabu hivyo vyote kwa dola 50?

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda, na usiishie kwenye beji na utepe. Ingia mkutano wa asubuhi, ule ambao wanachama huzipigia kura kanuni za tuzo. Kura zikikaribiana wanahesabu kama nyoka: wa kwanza anasimama anasema "moja", anakaa, jirani yake anasema "mbili", hesabu inapinda safu kwa safu mpaka ukuta wa nyuma. Ikikufikia, mdomo unakauka, kwa sababu namba ile ni wewe. Ndivyo kanuni zilivyobadilishwa baada ya 2015, na kila badiliko lazima lipite miaka miwili mfululizo.

Naona nimeoneshwa saa. Worldcon ya Chengdu, China, mwaka 2023, riwaya ya R. F. Kuang iliyokuwa na mapendekezo ya kutosha iliondolewa bila sababu kutolewa; nilitaka kulisema kwa kirefu, basi. Glasgow 2024 wasimamizi walifuta kura 377 za kughushi, nyingine zikiwa na majina ya wapiga kura ambayo ni tafsiri ya namba zinazofuatana, na wakatangaza hadharani. Hiyo ndiyo kazi. Na msisahau Nommo, tuzo ya Waafrika wenyewe iliyotolewa mara ya kwanza 2017, nayo huchaguliwa na wanachama.

Nimeweka karatasi mezani pale mlangoni. Juu imeandikwa Hadithi Fupi, chini kuna mistari mitano. Anayekumbuka moja aandike moja, asijaze mingine kwa aibu. Kwa kanuni mpya kila mtu ana alama moja inayogawanywa kwa kazi alizoandika. Ukiandika moja tu, alama yako nzima ni yake.