Wanne Waliobaki: Mhadhara juu ya Albamu "2300 Jackson Street"

Ndugu zangu, najua yuko mtu huko nyuma ameshanyoosha mkono kuniuliza, "Na Michael je?" Kila nikisimama kuizungumzia albamu hii ya 1989 ya The Jacksons, kundi la ndugu wa familia ya Jackson, naulizwa hivyo, basi leo naanza na jibu. Michael Jackson yumo katika wimbo mmoja tu, ule uliobeba jina la albamu, pamoja na dada zake Rebbie na Janet. Kazi iliyobaki ni ya Jackie, Tito, Jermaine na Randy. Marlon alikuwa ameshajitoa kundini. Sasa tunaweza kusikiliza?

Maana tatizo letu ni kuhesabu vichwa. Chukueni "Victory" ya 1984. Ndugu wote sita wamo, Jermaine amerudi kundini, ziara inajaza viwanja Marekani nzima, na mpaka leo wapo wanaoiita kilele cha The Jacksons. Haya, tuifungue. Nyimbo 8. "One More Chance" anaimba Randy. "We Can Change the World" ni ya Tito. "Body" ni ya Marlon. "Be Not Always" ni ya Michael. "State of Shock" ni Michael tena, na anayepokezana naye si kaka yake, ni Mick Jagger wa Rolling Stones! Jermaine tuliyemngoja miaka yote hiyo anapata nafasi ya maana kwenye "Torture", na baada ya hapo unamtafuta kwa tochi. Hao si ndugu wanaoimba pamoja. Ni wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake, kila mmoja na jiko lake.

Njooni 1989. Wamebaki wanne, na ghafla unasikia kundi. Jermaine anaongoza sehemu kubwa, wenzake wanamwitikia, na uitikiaji wao si wa kujaza nafasi. Sikilizeni "Nothin (That Compares 2 U)", ile waliyotengenezewa na watayarishaji L.A. Reid na Babyface. Kiitikio kinapoingia, huwezi kuchomoa sauti moja ukasema hii ndiyo nyota. Zimeshikana kama ukili. Sauti za namna hiyo hazikodishwi studio. Hizo ni za watu waliolala chumba kimoja tangu utotoni.

Na hapo ndipo jina la albamu linapopata uzito. Namba 2300 ni ya nyumba waliyokulia, Gary, Indiana: vyumba viwili vya kulala, watoto tisa, baba anaendesha kreni kiwanda cha chuma. Wengine hudhani mtaa ule ulipewa jina lao. Hapana, jamani! Mitaa ya pale ina majina ya marais: Washington, Adams, Jefferson, Madison, Monroe, kisha Jackson. Jina lililingana tu. Wao waliondoka Gary 1969, na miaka 20 baadaye, kundi limepukutika, wanaandika anwani ile juu ya jalada. Mimi naona walijua wanachokisema.

Mtaniambia midundo ya mashine katika albamu hii imechakaa. Mwaka huohuo Janet alitoa "Rhythm Nation 1814", mashine tupu, na hakuna anayelalamika. Tatizo si mashine. Watu walikuwa wameshamchagua wa kumsikiliza katika familia ile, na kaka zake wanne wakaimbia chumba kitupu. Hawakutoa tena albamu ya studio wakiwa The Jacksons. Hilo linaniuma kweli, na sitaacha kulisema.

Nilikuwa na la kusema juu ya mkono wa mtayarishaji Teddy Riley humo ndani, na juu ya "If You'd Only Believe", wimbo unaostahili saa nzima peke yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi niache maneno. Fundi, tuwekee "Nothin", na tafadhali usiikate kabla kiitikio cha mwisho hakijaisha.