Kabla hujatoa hela: jinsi ya kukagua Forester ya turbo iliyotumika

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo tuko Dar, saa moja kasoro asubuhi, na hapa pembeni yangu kuna Subaru Forester SH5, ile XT yenye turbo, utaijua kwa hili tundu la hewa juu ya boneti. Jamaa yangu anataka kuinunua kwa mtu, siyo ya yadi, akaniomba nije niiangalie kabla hajatoa hela. Nikamwambia poa, ila naenda na kamera ili na wengine wafaidike.

Kitu cha kwanza kabla ya yote. Naweka mkono hapa juu ya boneti, hivi, nauacha kama sekunde kumi. Ya baridi kabisa. Jana usiku nilimpigia mwenye gari nikamwambia kaka naomba kesho usiiwashe mpaka nifike, na kweli hakuiwasha, hapo ameshapata maksi moja. Ukikuta injini ya moto, wewe aga vizuri tu sema utarudi kesho, maana gari ya turbo ikiwa ya moto inaficha karibu kila ugonjwa wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa hapo. Nilifika kwa muuzaji nikakuta gari inanguruma, ac inapuliza, dalali ananiambia bosi nimekuwekea ubaridi usiteseke na jua. Nikasema huyu jamaa mstaarabu sana. Wiki mbili baadaye kila nikiwasha asubuhi jirani anatoka nje kuangalia nani anachoma takataka.

Haya, boneti usifungue kwanza, fungua mlango wa dereva. Sogeza kamera hapa kwenye nguzo ya mlango, umeona hivi vistika vya Kijapani? Gereji za kule wakibadilisha oili wanabandika tarehe na kilomita. Hiki kimeandikwa H25, hiyo H ni Heisei, kalenda yao, unajumlisha na 1988 unapata mwaka, kwa hiyo 25 na 1988 ni 2013, na kilomita hapa ni 71,000. Sasa angalia dashibodi, 118,000. Inaingia akilini. Ila ukikuta kistika kinasema 2013 ilikuwa na 96,000 halafu dashibodi leo inasoma 82,000, hapo mtu amechezea geji, funga mlango nenda kanywe chai. Kama muuzaji anayo karatasi ya mnada wa Japani muombe pia, ikiwa na grade R maana yake gari iliwahi kupigwa ikarekebishwa, siyo lazima uikimbie lakini bei isiwe ya gari safi.

Sasa ingiza funguo, usiwashe, fika ON tu. Taa zote zinatakiwa ziwake, taa ya injini, taa ya oili, ya betri, halafu ukiwasha gari ndo zinazima. Taa ya injini isipowaka kabisa kwenye ON usifurahi, kuna watu wanaichomoa au wanaiziba ili usijue kuna kodi ya hitilafu (fault code) kwenye kompyuta ya gari.

Tunafungua boneti. Injini imeoshwa inang'aa kama sahani ya mgeni? Jiulize kwa nini ioshwe leo. Mimi napenda ya vumbi, vumbi halidanganyi, oili ikivuja unaona njia yake. Hii ina vumbi, asante. Chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kimo kikiwa chini kabisa usikubali ile hadithi ya "nilisahau tu kuongeza", kwa turbo huwezi kusahau. Elewa hii mashine ndogo inavyofanya kazi, moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni upande mmoja, shafti inazungusha feni ya upande wa pili inayosukuma hewa kuingia kwenye injini, na hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, LAKI MOJA, na inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichafuka, ikichelewa kufika hata kidogo, shafti inakula bushi zake. Ndo maana ukikagua gari ya turbo kwa kweli unakagua tabia ya aliyekuwa nayo. Mimi huwa nauliza swali la kawaida tu kama napiga stori, kaka unatumia oili gani na unabadilisha kila baada ya kilomita ngapi? Huyu wa leo amejibu 5W-40 sinthetiki, kila 5,000, na akaniletea risiti. Mwingine atakwambia "fundi ndo anajua". Hilo nalo ni jibu.

Kofia ya kujazia oili igeuze uangalie chini yake. Mgando mweusi mzito kama lami ni oili iliyokaa miaka. Ute wa rangi ya maziwa na chai, maji yanaingia kwenye oili, hiyo hatuendelei nayo. Na kwenye baadhi ya hizi injini za EJ, yani aina ya injini ya Subaru iliyomo humu, kuna kachujio kadogo ka waya ndani ya boti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo, uchafu ukikaziba turbo inakufa na kiu wakati injini ina oili tele. Muulize kama kamewahi kuangaliwa, wengi hata hawajui kapo.

Mkanda wa taimingi usiupite hivihivi. Hizi EJ zinatumia mkanda, siyo cheni, unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, ukikatika vavu zinapiga pistoni. Tafuta kistika kingine cha Kijapani humu kwenye injini au risiti, ukikosa vyote hesabu kwamba haujabadilishwa na toa hiyo hela kwenye bei.

Sasa ndo tunawasha, mtu mmoja ndani mwingine nyuma kwenye ekzosi. Wewe wa ndani usikanyage mafuta, washa tu uache. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ni mvuke, dakika chache unaisha. Ukiendelea kuwa mweupe mzito na una harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanaungua. Bluu ni oili. Mweusi ni petroli nyingi, na hapo angalia kama kijana ameweka ile vavu ya kupiga pshhh pshhh kila akibadilisha gia, kwenye gari kama hii inayopima hewa inayoingia, ile hewa ikimwagwa nje kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Sauti tamu, hesabu mbovu. Nikikuta vavu hiyo pamoja na bust, yani presha ya hewa ya turbo, iliyopandishwa mimi naondoka, pistoni za hizi injini zikipigwa bust kubwa zinapasuka kwenye mifereji ya ringi, na hiyo siyo ya kutibu kwa laki mbili.

Injini ikishapata moto angalia tanki dogo la maji ya ziada. Mapovu yanatoka mfululizo kama sufuria ya ugali? Gasketi ya silinda hedi imeungua. Na tafadhali usifungue kofia ya rejeta ya moto, utaungua.

Hapa sasa ndo pale watu wanaruka. Ombeni ruhusa kwanza, ikibidi muwe na fundi, muache injini ipoe kidogo. Hili bapa la alumini juu ya injini ni intakula, linapoza hewa inayotoka kwenye turbo, na turbo yenyewe ipo hapa nyuma chini yake. Fungua klempu na hizi boti chache, linyanyue taratibu. Sasa ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba linalotoka kwenye turbo. Ona kidole changu, kina unyevu kidogo, kama umeshika chipsi. Hiyo ni kawaida, mvuke wa oili unapita huku. Inamisha intakula pembeni, ikidondosha oili, yani matone au kijito, hapo turbo inavujisha au ringi zimechoka. Hii haijadondosha kitu. Kama gari unayonunua ni dizeli kama Hilux, kule bomba la kuingiza hewa linafunguka kirahisi, utaifikia feni kwa kidole. Injini ikiwa imezimwa, ikicheza kidogo sana kushoto kulia sawa, ikicheza kwenda mbele na nyuma au meno yake yamegusa ukuta, hiyo imekufa.

Rudisha kila kitu, tukaendeshe. Barabara iwe na nafasi, injini imeshapata moto. Gia ya tatu, mzunguko 2,000, kanyaga mpaka chini. Unatakiwa usikie msukumo unakuja kwa mkupuo mmoja laini, mluzi mwembamba ni sawa, lakini sauti kama king'ora cha ambulensi ni turbo inalia. Fyuuu ya hewa inayotoka halafu gari haina nguvu, mpira umepasuka, hiyo ni nafuu na ni sehemu nzuri ya kupigia bei.

Tumerudi, usizime. Iache ingurume dakika tano bila kuigusa, halafu mtu akae nyuma, kanyaga mara moja. Pale oili iliyokuwa inajikusanya kwenye sili za turbo inatoka yote kwa wingu la bluu. Ona... imetoa ka-bluu kepesi, kameisha hapohapo. Sijakapenda, ila hakajanitisha.

Kwa hiyo hii gari sijaikataa. Nimemwambia mwenyewe, kaka tunaenda kwa fundi wa Subaru sasa hivi, tunalipa sisi, apime kompresheni, yani nguvu ya mgandamizo, silinda zote nne na asome kompyuta kwa mashine inayoelewa Subaru, siyo vile vidude vya bluetooth. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10, namba nne naiangalia zaidi maana ndo inayotangulia kufa. Amekubali bila kununa. Plagi za hii injini zipo ubavuni, fundi atatukana kidogo kuzifikia, mwacheni atukane, mlipeni vizuri. Majibu nitaweka hapa chini jioni, na hela ya jamaa bado iko mfukoni kwake.