Ribiti Haipigwi na Mtu Mmoja: Mhadhara Kuhusu Ndege Inayoitwa Doc

Habari za jioni ndugu zangu, na wazee wetu mlioko hapa mbele shikamooni. Nashukuru kwa nafasi. Vijana mnaosoma ufundi wa ndege mliniomba niongelee kazi ya mikono, basi leo naongelea ndege moja tu, manake nikianza kutaja nyingi hatutoki hapa.

Ndege yenyewe ni B-29 Superfortress, jina lake Doc. Ilitengenezwa na Boeing mjini Wichita, jimbo la Kansas kule Marekani, ikakabidhiwa jeshi mwaka 1945. Kiwanda cha Wichita peke yake kilitoa B-29 1,644, na leo dunia nzima zinazoruka ni mbili, Doc na mwenzake FIFI. Mbili tu jamani.

Sasa kabla sijaenda mbele, hii ni ndege ya vita na sitaki mtu aisahau hiyo. Aina hii ndiyo iliyochoma Tokyo usiku mmoja wa Machi 1945 wakafa watu kama laki moja, na ndiyo iliyodondosha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Na wala haiko mbali na sisi kama mnavyodhani, manake mwaka 1944 wakati babu zetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wanatembea na matope ya Burma, B-29 zilikuwa hapo jirani India, na shambulio lao la kwanza, Bangkok, tarehe 5 Juni 1944, liliondokea huko. Doc yenyewe haikudondosha bomu vitani, baadaye ilitumika kwenye kazi ya kupimia rada, katika kundi lililopewa majina ya wale vibeti saba wa hadithi ya watoto ya Snow White, na mmoja wao anaitwa Doc, ndo jina likatokea hapo. Mimi naona ni afadhali ndege kama hii iwepo, mtu aisogelee, aiguse, aulize maswali magumu, kuliko iyeyushwe iwe masufuria.

Mwaka 1956 wakaipeleka China Lake, jangwa la Mojave huko California, iwe shabaha ya silaha za jeshi la majini. Yaani waliiweka ipigwe. Ikakaa miaka 42. Vioo vikavunjika, jua likala mipira yote, mabomba, waya, na kile kitambaa cha kwenye sukani za mabawa na mkia, yaani vile vipande vinavyogeuka kuielekeza ndege, manake B-29 sehemu hizo zilivalishwa kitambaa. Ila bati lenyewe lilisalimika kwa sababu jangwa halina unyevu, na hapo ndo nafikiriaga, ingekuwa imewekwa miaka 42 pale Mombasa au Tanga na ule upepo wa chumvi, tungekuta ungaunga mweupe tu.

Mwaka 1987 bwana mmoja anaitwa Tony Mazzolini akaikuta huko. Akaiomba. Kuomba tu kulichukua miaka, akaambiwa kwanza atafute ndege nyingine ya zamani, B-25, aitengeneze iende makumbusho ndo wabadilishane, na kweli mpaka 1998 ndo Doc ikavutwa kutoka jangwani. Mwaka 2000 ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye matrela, ikarudi Wichita, kiwanda kilekile ilikozaliwa. Hapo watu wa kujitolea wakaanza kuja, wengi wastaafu wa viwanda vya ndege vya mji huo, mafundi bati, watu wa umeme, wahandisi, na kati yao akawemo bibi ambaye wakati wa vita akiwa binti alikuwa anapiga ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabati, za B-29 humohumo Wichita. Wanakuja asubuhi, wanafanya kazi, wanarudi nyumbani, hakuna anayelipwa, na hiyo si mwaka mmoja, ni miaka kumi na sita.

Ngoja niwaonyeshe miaka inakwenda wapi. Chukua ribiti moja iliyoharibika. Unatoboa kichwa chake na drili katikati kabisa, ukipinda kidogo umeharibu tundu. Unagonga shina litoke. Unaangalia tundu, limepanuka? Kama limepanuka unapanda saizi. Kuna ribiti zingine za alumini ngumu zinakaa kwenye friza, manake zikishapikwa kwenye tanuru zinakuwa laini kwa muda mfupi tu na baridi ndo inazizuia zisikakamae mapema, ukizitoa una dakika chache za kuzipiga, ukichelewa zimeshakuwa ngumu zitapasuka. Halafu huku nje mmoja anashika bunduki ya upepo ya kupigia ribiti, kule ndani mwenzake anashika chuma kizito anakikandamiza kwenye shina. Hamuonani. Mko pande mbili za bati moja. Kwetu kwenye karakana aliye ndani akigonga mara moja maana yake imekaa, akigonga mara mbili maana yake ongeza. Nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kuharibu mstari mzima wa matundu kwa sababu sikusubiri mwenzangu agonge, nilisikia mlio nikadhani ni wake kumbe ni wa jirani, tukabadilisha bati lote, na mzee aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza, alikaa yeye ndani mimi nje tukarudia mpaka giza. Hicho ndo kitu ambacho hukipati kwenye kitabu cha matengenezo. Ndo maana nasema bila wale wastaafu Doc ingebaki mapambo, hata uwe na hela kiasi gani.

Injini nazo. B-29 ina nne, kila moja silinda 18, na za zamani zilisifika kwa kuchemka na kushika moto, kuna sehemu zake zilikuwa za magnesiamu na magnesiamu ikiwaka kuizima ni shughuli. Kwa Doc wakaunganisha sehemu za matoleo mawili ya baadaye ya injini hiyohiyo ya Wright R-3350 ili zisichemke kama zile. Na mpaka leo kabla ya kuwasha, propela inazungushwa kwa mikono, watu wanapokezana kusukuma panga moja baada ya jingine, kwa sababu oili inatiririka usiku inajaa kwenye silinda za chini, ukiwasha hivyo unavunja injini. Propela yenyewe ina kipenyo kama mita tano. Unaisukuma kwa viganja na unasikia uzito wa oili mle ndani ukisogea.

Tarehe 17 Julai 2016 ikaruka, ikiondokea kambi ya jeshi la anga ya McConnell palepale Wichita. Ilikaa hewani dakika chache tu, taa ya tahadhari ya injini ikawaka wakairudisha chini salama, na mimi naona huo ndo ufundi, miaka yote hiyo umesubiri halafu taa moja ikiwaka unatua bila ubishi.

Haya, maswali tutaulizana huku tunafanya kazi. Nimeleta mabati, bunduki mbili na ribiti za kutosha, kompresa imeshajaa upepo. Njooni wawili wawili, vaeni miwani na vya kuzibia masikio, na wa ndani akumbuke ndiye anayegonga.