Fito Zinazoota: Kusuka Sanamu Hai ya Mierebi na Wanafunzi

Walimu wenzangu, wazazi, asanteni kwa kufika.

Mwaka 1998, katika kijiji cha Auerstedt, Ujerumani, msanifu Marcel Kalberer aliongoza mamia ya watu waliojitolea kujenga jumba la mierebi mibichi, miti ya penye maji ambayo matawi yake hupindika kwa urahisi. Sisi tunataka kitu kidogo zaidi: sanamu hai itakayosukwa na watoto wetu kando ya njia ya matembezi.

Ufito wa mwerebi, ukikatwa wakati mti umelala bila majani kati ya Novemba na Machi, tayari una vianzo vya mizizi chini ya gome. Uchomeke sentimita 30 kwenye udongo wenye unyevu, utaota. Ndiyo maana mtoto wa miaka saba anaweza kupanda mti bila mche wala kitalu, na akauona umechipua kabla mwaka wa shule haujaisha.

Fito tutazipata Somerset, Uingereza, ambako mierebi hulimwa kwa ajili ya vikapu. Tutoboe mashimo kwanza kwa mtaimbo, maana ufito ukilazimishwa gome huchubuka. Fito nene zisimame wima. Nyembamba zipite mshazari, mbele ya moja, nyuma ya nyingine, na zinapokutana zifungwe. Watoto wafanye kazi wawili wawili, mmoja akunje, mwenzake afunge. Umbo wachague wenyewe: samaki, kereng'ende, handaki. Mimi napenda handaki, kwa sababu mtoto huingia ndani ya kazi ya mikono yake.

Nyasi tuzizuie kwa kadibodi na vipande vya mbao, zisizinyang'anye fito changa maji. Na tukae mbali na kuta na mabomba, kwani mizizi ya mwerebi huyafuata maji.

Lakini lililonileta hapa ni hili. Siku ya ufunguzi picha hupigwa, wageni huondoka, na baada ya miaka michache samaki wetu amekuwa kichaka. Chipukizi la mwerebi huweza kurefuka zaidi ya mita mbili katika msimu mmoja wa joto! Kila majira ya baridi lazima sanamu ipogolewe, na machipukizi marefu yasukwe tena ndani ya umbo. Nawaomba sana, kazi hiyo asiachiwe mtunza bustani. Lipewe darasa linalofuata, lifundishwe na watoto waliopanda. Fito zitakazokatwa nazo zitaota, kwa hiyo kila darasa litakuwa na chake cha kuongeza njiani.

Kabla hatujaagiza fito, tukubaliane leo ni darasa gani litapogoa mwakani.