Bosi Alisema Tutashtakiwa: Sheria ya Chakula Kinachobaki Huku Marekani

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina taa wala mandhari ya kuwaonyesha, nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma wa jiko ninalofanyia kazi hapa Ohio. Hizo kelele mnazosikia ni feni. Nina kama robo saa kabla gari halijaja kuchukua mzigo, kwa hiyo nikikatisha ghafla mnisamehe.

Mzigo wenyewe ndio huu, ngoja nigeuze kamera. Trei tano za bati zilizofunikwa foili, na kila moja ina kibandiko: ndani kuna nini, imetoka jikoni saa ngapi, ilikuwa na joto kiasi gani. Kuku, wali, mboga. Hakuna kijiko kilichoingia humo. Mteja aliagiza chakula cha watu 200, wakaja kama 140. Biashara ya kulisha shughuli ndivyo ilivyo, mwenye shughuli hakubali kuaibika mbele ya wageni, kwa hiyo ataagiza kilichozidi hata kama mfukoni kunauma.

Sasa angalieni kule nyuma, lile kontena la kijani. Mpaka mwaka juzi, trei zote za namna hii zilikuwa zinaishia mle.

Wiki yangu ya pili kazini nilipewa kazi ya kumwaga. Trei 11. Unafunua foili, mvuke unakupiga usoni, unageuza, unakung'uta, trei inaenda kwenye sinki. Chakula kilikuwa cha moto kuliko kile nilichokula mimi mchana, nimekipasha kwenye maikrowevu. Nilipofika ya tisa nikamuuliza meneja, hizi mbili zilizobaki si niwapelekee wale jamaa wanaolala chini ya daraja, ni mtaa wa pili tu hapo? Hakuinua hata macho kwenye simu. Akasema hatuwezi, mtu akiumwa tumbo watatushtaki.

Nami nikaamini. Ukifika huku, somo la kwanza unalopewa na wenyeji wako ni kwamba Marekani watu hushtakiana kwa lolote, usimguse mtoto wa mtu, usimwinue aliyeanguka, utajikuta mahakamani. Kwa hiyo nikamwaga na zile mbili.

Aliyenitoa tongotongo ni mama mmoja Mkongo tunayeosha naye vyombo. Ameishi huku miaka mingi kuliko mimi, na Jumamosi anajitolea kwenye stoo ya chakula ya kanisa lake, ile inayowagawia wenye shida. Mama yule huniita Papa, Wakongo humwita hivyo kijana wao kwa mapenzi. Nilimweleza habari ya kushtakiwa. Akazima maji. "Papa, hiyo sheria, wewe umeisoma?" Nikamwambia, Mama, mimi nitaisomea wapi sheria? Akasema, "Basi na bosi hajaisoma." Akafungua maji, akaendelea na masufuria yake.

Nikaitafuta usiku uleule kwenye basi. Na ni fupi, jamani! Nilidhani nitakutana na kitabu. Ni kifungu ambacho unakimaliza kabla hujashuka kituoni. Inaitwa Sheria ya Bill Emerson ya Msamaria Mwema ya Kuchangia Chakula. Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 1 Oktoba 1996. Bosi wangu anatishia watu kwa kesi ambayo mlango wake ulifungwa mwaka 1996!

Huyo Emerson alikuwa mbunge wa Missouri, wa chama cha Republican, na suala la njaa alilishikilia kwa miaka. Hakuiona sheria yake ikipita. Alifariki kwa saratani ya mapafu mwezi Juni 1996, miezi mitatu tu kabla ya saini, ndipo wakaipa jina lake. Mwenzake katika mambo hayo alikuwa Tony Hall, Mdemokrat wa kutoka Dayton, hapahapa Ohio, yule aliyefunga kula siku 22 mwaka 1993 baada ya Bunge kuivunja kamati yake ya njaa. Vyama viwili tofauti, lakini kwenye sufuria walielewana.

Mtauliza, kwani kabla ya hapo hapakuwa na sheria? Zilikuwepo, na hapo ndipo penye utamu wake. California ilianza mwaka 1977, na baadaye kila jimbo likawa na ya kwake. Shida ni kwamba kila moja ilisema lake. Kampuni yenye maghala kwenye majimbo 30 ina mawakili, na wakili ukimpa sheria 30 zisizofanana atakupa jibu moja: mwaga. Mwaka 1990 Bunge lilitunga mfano wa sheria na kuyaomba majimbo yaufuate. Ni machache yaliyofuata. Mwaka 1996 wakaacha kuomba, wakaweka sheria moja kwa nchi nzima. Jimbo linaruhusiwa kumlinda mtoaji zaidi ya hapo, ila si chini ya hapo.

Sasa inasemaje. Ukitoa chakula kwa nia njema, chakula kinachoonekana ni kizima, ukalikabidhi shirika lisilotafuta faida likawagawie wenye shida, basi chakula hicho kikimdhuru mtu hutawajibika, si kwa kesi ya madai wala ya jinai. Shirika lenyewe nalo linalindwa. Na neno "kizima" wamelifafanua vizuri: kiwe kimetimiza viwango vya ubora na vya vibandiko, hata kama hakiuziki kwa sababu ya sura yake, umri wake, ukubwa wake, au kwa sababu kimezidi tu. Karoti iliyopinda ni nzima. Mkate wa jana ni mzima.

Kinga hiyo inakuponyoka kwa mambo mawili. La kwanza ni kudhuru kwa makusudi, hilo halina mjadala. La pili ni uzembe uliokithiri, na hapa ndipo mameneja wanapopata homa, kwa sababu wanasikia "uzembe" wanadhani ni kule kupitiwa kwa kawaida, kijana kusahau kuandika saa kwenye kibandiko. Sivyo. Sheria yenyewe imesema maana yake: ni kitendo cha hiari, cha mtu mwenye akili zake, ambaye wakati anakitenda alijua kabisa kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kumdhuru mwenzake. Alijua! Kutotenda nako kunahesabiwa.

Niwape mfano wa humuhumu jikoni. Jokofu limezima usiku, asubuhi umefungua mlango joto likakupokea, kuku ameanza kutoa harufu, na wewe unasema aa, hawa watu wana njaa, hawatajua, peleka. Hapo Emerson hayupo upande wako, na asiwepo. Mfano wa pili: umepika vizuri, umepoza vizuri, umepima, umekabidhi, halafu kesho yake mtu mmoja kati ya 80 akaharisha. Huyo ndiye ambaye bosi wangu alimwogopa miaka yote, na huyo ndiye ambaye sheria ilimfikiria.

Na kesi zenyewe ziko wapi? Watafiti wa sheria wa Chuo Kikuu cha Arkansas walipekua hukumu na majalada, na mwaka 2013 wakaandika kwamba hawakuona hata kesi moja ya mtu kushtakiwa kwa sababu ya chakula alichokichangia. Fikirieni nchi hii inavyopenda mahakama.

Lakini ngojeni, nisije nikamsingizia yule meneja. Siku ile nilipotaka kubeba trei mbili kwenda nazo chini ya daraja, alikosea kidogo na alipatia kidogo. Kwa sheria ya 1996 kinga ilipitia kwenye shirika. Ukimpa mtu mkononi moja kwa moja, ulikuwa umetoka nje ya kivuli. Hilo walilirekebisha kwa sheria nyingine iliyosainiwa na Rais Joe Biden tarehe 5 Januari 2023. Sasa mgahawa, duka la vyakula, mkulima, mpishi wa shughuli kama sisi, jiko la shule, chuo, wote wanaweza kumkabidhi mwenye shida mwenyewe na bado wakalindwa. Wakaongeza na jingine: shirika likiuza kwa bei ndogo, isiyozidi gharama ya kukishughulikia na kukisambaza hicho chakula, kinga inabaki. Zamani ilikuwa lazima iwe bure kabisa.

Kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutoa mkononi, mimi na wewe na masufuria yetu ya nyumbani hatumo. Mtu binafsi kinga yake bado inapitia kwenye shirika. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mama mmoja anaangalia huku, yuko hukuhuku Marekani, ameshaanza kuwasha jiko.

Tena kuna kitu sheria hii haikugusa: bwana afya. Kanuni za usafi za jimbo na za kaunti ziko palepale. Ndiyo maana mnaona vile vibandiko. Chakula cha moto tunakishika kwenye nyuzi 57 za selsiasi au zaidi, cha baridi 5 au chini. Kinachopozwa kinatakiwa kishuke mpaka 21 ndani ya saa mbili, halafu mpaka 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Huwezi kuchukua trei nzima ya kina kirefu ukaisukuma kwenye jokofu ukaenda kulala, katikati itabaki vuguvugu hadi asubuhi. Tunamimina kwenye trei za kina kifupi, tunaweka juu ya barafu, mtu anasimama na kipimajoto. Mtu huyo ni mimi. Ukiniuliza ni nini kinachozuia chakula kutolewa huku, nitakwambia ni hizo dakika 40 za kusimama na barafu wakati wenzako wameshavua aproni. Kesi ni kisingizio kizuri kwa sababu hakuna anayekibishia. Nani atasema hadharani kwamba amechoka na anataka kwenda nyumbani?

Kodi niiseme mbio mbio: biashara inayotoa chakula kwa shirika linalostahili inapata punguzo la kodi, na tangu mwisho wa 2015 punguzo hilo ni la kudumu na ni la biashara za ukubwa wowote. Ukimpa mtu mkononi unalindwa, ila hilo punguzo hulipati. Mhasibu wetu alilielewa jambo hili haraka kuliko kila mtu.

Na tarehe! Tarehe zinamwagisha chakula kizuri kuliko hata woga wa kesi. Sheria ya taifa inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Zile nyingine nyingi ni makadirio ya mtengenezaji kuhusu ladha, si hukumu ya kifo. Majimbo mengine yana masharti yake, kwa hiyo unaangalia ya kwako. Wizara ya Kilimo ya hapa inakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula cha nchi hakiliwi. Mimi siku hizi nikiona mtu anatupa mtindi kwa sababu tarehe ni ya jana, nakaa kimya, lakini mkono unaniwasha.

Kuna aliyeniuliza kama sheria inalazimisha. Hapana. Hii ya Emerson inaondoa woga tu, haimsukumi mtu. Ufaransa ndio walioamua kusukuma: mwaka 2016 walitunga sheria inayoyataka maduka makubwa, yanayozidi mita za mraba 400, yawe na mkataba na mashirika ya misaada, na ni marufuku kukiharibu kwa makusudi chakula kinacholika. California nayo imeanza kulazimisha maduka makubwa tangu 2022. Mimi nilikuwa upande wa kulazimisha mpaka nilipoanza kushika kipimajoto. Anayetoa kwa kulazimishwa atakuletea trei ya vuguvugu. Sijui, labda nimekuwa mzee.

Hapa kwetu ilikuwaje? Nilichapa kile kifungu, kurasa mbili, nikambandikia meneja mlangoni kwake. Kosa! Alikasirika, nilimwaibisha. Mama ndiye aliyeniokoa. Aliniambia mtu mzima hafundishwi mbele za watu. Akamleta mhudumu wa ile stoo ya kanisa, akaja na fomu yao na barua inayosema wao ni shirika linalotambulika, wakakaa na meneja ofisini, mimi nikabaki nje nasugua sakafu. Walitoka wanacheka. Meneja akasema tujaribu mwezi mmoja, siku mbili kwa wiki, na mtu akikosa kuandika saa kwenye kibandiko tunaacha. Ule mwezi mmoja haujaisha mpaka leo. Tawi letu jingine, upande wa pili wa mji, bado wanamwaga. Sababu yao mnaijua.

Haya, taa hizo zinaingia, ni gari. Mama yuko mbele na dereva, leo amevaa koti langu, ndiyo maana nilikuwa nalitafuta. Ngoja niweke simu chini, hii trei ya wali inahitaji mikono miwili.