Kupima kalsiamu inavyonasa kwenye tando za mitokondria za ini

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunaangalia kalsiamu inavyonasa kwenye tando za ndani ya seli za ini, na natumia mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, kwa sababu ini limejaa nazo, mzigo hautakosekana.

Kabla hujagusa chochote weka kila kitu kwenye barafu. Ini la panya wa maabara likate vipande vidogo, suuza mpaka maji ya damu yaishe, halafu litie kwenye bafa (maji yanayotunza pH isibadilike) ya sukrosi 0.25 M yenye HEPES, ndiyo inayoishika pH kwenye 7.4, na EGTA 1 mM, kemikali inayokamata kalsiamu. Sasa saga, hiki hapa ni kinu cha kioo na mchi wake ni wa Teflon, unashuka na kupanda taratibu mara 5 au 6 basi, ukikazana sana unapasua mitokondria zenyewe.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 1,000 g (siyo gramu, ni mara 1,000 ya mvutano wa dunia) dakika 10, masalia ya chini tupa, maji ya juu hamishia kwenye tyubu nyingine uzungushe tena kwa 10,000 g dakika 10. Mnaona ile kahawia iliyokaa chini? Ndiyo yenyewe. Ule weupeweupe ulioelea juu yake unyonye na pipeti.

Sasa hapa tulia. Osha mara mbili kwa bafa ISIYO na EGTA. Mimi niliwahi kuosha kwa ile ile ya mwanzo, nikapima siku nzima grafu imelala chini kabisa, kumbe EGTA ndiyo ilikuwa inaikamata kalsiamu yangu yote! Na bafa ya fosfeti usiiguse, kalsiamu itaganda nayo ishuke chini, we utadhani imenasa kwenye utando.

Jambo la pili, kunasa siyo kuingia. Mitokondria ikiwa na nguvu inaivuta kalsiamu mpaka ndani, kwa hiyo tunafunga mlango wake wa kuingilia kwa rangi iitwayo rutheniamu nyekundu, tunaongeza rotenoni na antimaisini kuzima upumuaji, na ATP, ile nishati ya seli, hatuweki. Kinachobaki ni chaji tu, yaani kalsiamu ina chaji chanya mbili na mafuta ya utando, kardiolipini hasa, yana chaji hasi.

Weka protini mg 1 kwa kila ml, kalsiamu 10, 20, 50, 100 na 200 µM, kila tyubu na tone la kalsiamu 45 yenye mionzi (glavu jamani!), zungusha, kisha hesabu mionzi ya maji ya juu na ya mashapo ya chini. Yale maji yaliyobaki katikati ya mashapo yatoe kwenye hesabu, wengi wanasahau.

Tyubu moja ya mwisho itie lanthanamu, hiyo inaisukuma kalsiamu iliyonasa nje ya utando itoke. Mionzi ya chini ikishuka sana, ulipima kunasa kweli. Isiposhuka, imeshaingia ndani hiyo, rudi kaangalie rutheniamu yako.